Ukoo wa Neno Klas na Fomu Niliyoijaza

Naanza na neno, kwa sababu ndilo lililonishika macho wakati nilipopaswa kutazama kitu kingine.

Neno lenyewe ni klas, la Kiholanzi, na maana yake ni darasa: chumba cha kusomea, na pia kundi la watoto wanaosoma pamoja ndani yake. Vuli ile nilikuwa nimekwisha kustaafu kazi ya kufundisha lugha ya mama katika shule za kusini mwa Stockholm, na katika nyumba yangu ya vyumba viwili huko Rågsved nilikuwa nimejitengea meza karibu na dirisha kwa ajili ya kadi zangu. Juu ya kila kadi huandika neno moja ambalo watu wa mashariki ya Kongo walilipokea kutoka kwa wageni, na chini yake huandika njia lililopita hadi kutufikia. Klas ilinisumbua kuliko mengine. Sisi wa Kivu husema klasi. Wasemao Kilingala husema kelasi. Vitabu vingi hutosheka kueleza kwamba maneno hayo yametoka katika Kifaransa, na huenda ni kweli. Lakini mimi nilifundishwa Kilatini na mtawa Mflemi, yaani Mbelgiji asemaye Kiholanzi, na kila asubuhi alipoingia alitamka neno moja tu la lugha ya kwao, "Klas!", nasi tukasimama sote. Kabla ya neno hilo tulikuwa wasichana: tukicheka, tukisukumana, tukila karanga chini ya madawati. Baada yake hapakuwa na wasichana tena. Nilitaka kujua kama wazee wetu waliosomeshwa na wamisionari Waflemi hawakulisikia kwa masikio yao kabla ya kulikuta katika vitabu vya Kifaransa.

Nikalifuata nyuma, hatua kwa hatua. Waholanzi wanayo maumbo mawili, klas na klasse. La kwanza hulitumia zaidi kwa shule, la pili kwa daraja na hadhi. Yote mawili yanarudi kwa classis ya Kilatini, ama kwa kupitia Kifaransa, ama moja kwa moja kupitia zile shule za Kilatini ambamo watoto walipangwa kwa ngazi. Nayo classis, kabla haijahusiana na ubao wala chaki, ilikuwa neno la vita. Ilimaanisha watu walioitwa kushika silaha, kisha kundi la merikebu za kivita. Wapo wanaolitoa katika kitenzi cha kale chenye maana ya kuita kwa sauti. Jambo hilo halijathibitishwa, na kwenye kadi nililiwekea alama ya kuuliza. Mapokeo ya Waroma yanasimulia kwamba mfalme wao mmoja aliwapanga raia kwa kadiri ya mali zao, ili ijulikane nani atasimama mstari wa mbele na kwa silaha gani. Wa daraja la kwanza waliitwa watu wa classis. Waliobaki wote waliitwa kwa maneno mawili, infra classem, yaani walio chini ya classis. Niliyanakili maneno hayo kwa wino mweusi, nikayapigia mstari, nikaridhika na mwandiko wangu.

Ilikuwa Jumamosi. Simu ikalia, na aliyepiga alikuwa mdogo wangu wa kiume, anayekaa Märsta na kusafisha ndege katika kiwanja cha Arlanda.

"Yaya," alisema, maana kwetu ndivyo aitwavyo dada mkubwa, "shule ya binti wameleta makaratasi. Ni mengi kama Biblia. Kesho baada ya ibada uje unisomee."

"Yanasema nini?"

"Kama ningejua ningekuita?"

Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake, wifi yangu, alifariki katika kambi ya wakimbizi, na baada ya kifo chake wakaja Sweden wanne: baba, binti huyo na wadogo zake wawili. Walikuwa wamekwisha kukaa miaka minne. Baba aliondoka kwenda kazini kabla watoto hawajaamka, na jioni alirudi akiwa hana nguvu ya kuvua viatu. Hayo nayaeleza mapema kwa sababu mtu yeyote aliyeingia katika nyumba ile angeyaona kwa dakika tano, na mimi niliingia mara nyingi.

Kesho yake nilizisoma karatasi zile mbele yake, nikiziweka juu ya kitambaa cha meza. Walimu walikuwa na wasiwasi. Binti alikuwa nyuma katika masomo, hasemi darasani, hanyoshi mkono. Shule iliomba ruhusa ya mzazi ili mwanasaikolojia amchunguze. Pamoja na barua kulikuwa na fomu ya nyumbani, kurasa kadhaa za maswali, na kila swali lilikuwa na viboksi vitatu: daima, mara nyingine, kamwe. Chini kabisa palikuwa na mistari mitupu kwa mzazi mwenye la kuongeza.

"Swali la kwanza," nikasema, nikitafsiri. "Mtoto anaweza kutayarisha chakula chepesi bila kusaidiwa?"

Mdogo wangu alijikuna kidevu. "Andika kamwe."

Jikoni mwiko ukanyamaza. Binti alikuwa huko akisonga bugali, chakula chetu cha mchana ule.

"Baba," akasema kwa Kiswidi, kama kawaida yake, "sasa hivi anayepika ni nani?"

"Umesikia?" mdogo wangu akaniambia. "Mdomo tu. Juzi ameunguza sombe, ngazi nzima ikanuka. Mtu wa kuunguza sombe anajua kupika?"

"Nilikuwa namwogesha mdogo wangu!"

"Na anabishana na wakubwa. Hiyo iko kwenye fomu?"

"Bado sijaifikia," nikasema.

Tulicheka wote, hata yeye kule jikoni. Nikatia alama kwenye kamwe.

Tukaendelea hivyo. Anaweza kusafiri peke yake kwa treni au basi? "Kamwe, atapotea." Anaweza kununua vitu dukani na kuchagua kilicho sawa? "Weka mara nyingine. Hapana, weka kamwe, asije akajisikia." Anaweza kuwatunza walio wadogo kuliko yeye? Mdogo wangu aliutazama mlango wa chumba ambamo watoto wale wawili walikuwa wamelala usingizi wa mchana, wameshiba, wameoga. "Anajaribu," alisema. "Weka kamwe, ili wamfundishe vizuri."

Msomaji aliyelelewa kwetu hahitaji kuelezwa tulichokuwa tukifanya. Mzazi anayempeleka mtoto kwa mwalimu hamsifu. Husimama mlangoni, kofia mkononi, akasema: Mwalimu, nakuletea huyu, hajui kitu, kichwa chake ni jiwe, naomba umfundishe. Mwalimu naye hujibu kwamba anaona macho ya mtoto yana mwanga. Ni salamu, na ina pande mbili. Upande wa pili usiposemwa, wa kwanza haujakamilika. Anayesema mwanangu ana akili anamdharau mwalimu, maana anamwambia kazi yake imekwisha kufanywa na mwingine, na juu ya hayo anamtafutia mtoto kijicho. Baba yetu alinikabidhi kwa masista kwa maneno hayohayo, na yule mtawa Mflemi, aliyekuwa amekaa kwetu miaka mingi, alijua la kujibu.

Kwa hiyo sikuona kosa. Binti yule alinitembelea Rågsved Jumamosi nyingi, akitoka Märsta peke yake, akibadili treni mjini na kushika ile ya chini ya ardhi, na hakupotea hata siku moja. Nililijua hilo wakati kalamu yangu inatia alama. Lakini fomu ilikuwa ya baba, na mimi nilijihesabu mfasiri; mfasiri mwaminifu haongezi wala hapunguzi. Tulipofika kwenye mistari mitupu mdogo wangu alisema: "Andika kwamba binti yangu bado hajui kitu, na kwamba tumemwacha mikononi mwao." Niliiandika sentensi hiyo kwa Kiswidi kizuri, chenye vituo mahali pake.

"Na wakishamchunguza?" akauliza.

"Wanasema huenda akahamishiwa penye watoto wachache, masomo yakaenda polepole."

"Atarudia mwaka?"

Nilisoma tena ile aya. Ilitaja shule ambayo kwa Kiswidi huitwa iliyorekebishwa. Nililielewa kila neno. "Naona ni kama kurudia," nikajibu.

"Kurudia si aibu. Hata wewe ulirudia la nne."

"Kilatini kilinishinda."

"Na leo una makadi." Akachukua kalamu, akatia saini taratibu, kwa jina lake kamili, kama mtu anayetia saini cheti cha ndoa. Binti akaleta maji ya kunawa mikono, kisha bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Vilikuwa vitamu. Hatukumwambia.

Mwezi wa Novemba tuliitwa shuleni kusikia matokeo. Nakikumbuka chumba kile kwa sababu hapakuwa na mtu mbaya ndani yake. Palikuwa na mkuu wa shule, mama mrefu aliyetumiminia kahawa kwa mkono wake. Mwanasaikolojia kijana aliyezungumza kwa sauti ya chini. Na mkalimani ambaye hatukumwona, maana alikuwa sauti ndani ya simu iliyowekwa katikati ya meza. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kilikuwa laini, na kila mara mdogo wangu aliinama kuelekea simu ile kana kwamba anaisalimu. Nje saa tisa alasiri giza lilikuwa limekwisha kusimama dirishani.

Mwanasaikolojia alieleza kwamba alikutana na binti mara tatu, kwamba maswali mengi hayakupata jibu, na kwamba picha aliyoipata ililingana na ile iliyotoka nyumbani. Alilirudia hilo: ililingana vizuri. Sauti ya ndani ya simu ikatafsiri. Mdogo wangu alisema asante sana. Mkuu wa shule akauliza kama baba anakubali binti ahamie shule ile iliyorekebishwa baada ya Krismasi. Mdogo wangu akanitazama, nami nikatikisa kichwa kukubali. Akasema tena asante sana.

Nilirudi kwenye kadi zangu. Naliandika jambo hili bila kulipamba: mwezi wote wa Desemba nililitafuta neno kelasi katika kamusi za zamani za wamisionari, na sikumpigia simu mtu yeyote kuuliza aingiaye katika shule ile hutokea wapi.

Binti alikuja Jumamosi moja ya Februari. Alivua viatu, akaketi penye meza bila kuombwa, akazisogeza kadi pembeni kwa kiwiko. Nilimpa chai ya maziwa.

"Habari za shule mpya?"

"Jumatatu tunajifunza kusoma saa," akasema. "Jumatano tunajifunza kupanda basi. Mwalimu anatuonyesha mahali pa kubonyeza."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuniruhusu.

"Wenzako wakoje?"

"Wazuri. Ni watoto wenye ulemavu wa akili; mmoja hunishika mkono kutwa nzima. Si kosa lao, shangazi. Lakini mimi si wa pale."

"Vumilia. Mwakani utarudi kwa wenzako."

"Harudi mtu."

"Nani amekwambia?"

"Nilimwuliza mwalimu. Alinijibu kwa upole sana." Hapo akaacha Kiswidi, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, ili nisije nikasema sikuelewa. "Pale hawatoi alama kama za wengine. Bila alama zile huingii sekondari ya juu ya kawaida. Huingii ya ufundi wa ndege."

Sikujua kwamba alitaka ufundi wa ndege. Baba yake alikuwa akisafisha viti na vyoo vya ndege zile kwa miaka minne. Yeye alitaka kufungua injini zake. Alikuwa amekwisha kuitafuta shule yenyewe, ipo karibu na Märsta, na alijua alama wanazozitaka. Aliniambia yote hayo bila kuinua sauti, kisha akanywa chai yake hadi mwisho na kuosha kikombe.

"Kwa nini hukumjibu yule aliyekuchunguza?" nikamwuliza.

"Mengine nilijua. Mengine sikuwa na hakika. Wewe mwenyewe ulinifundisha, usimjibu mkubwa kwa kubahatisha. Nikasubiri aniulize tena. Hakuuliza tena. Aliandika tu."

Nilimwomba mdogo wangu aiombe shule nakala ya taarifa ya uchunguzi. Ilikuja kwa posta baada ya wiki moja, naye akaniletea bila kuifungua. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ukurasa wa tatu ulihusu uwezo wa binti nyumbani. Hawezi kutayarisha chakula. Hawezi kusafiri peke yake. Hawezi kununua vitu. Hawezi kuwatunza walio wadogo. Kisha palikuwa na alama za kunukuu, na ndani yake maneno ya baba, kwamba bado hajui kitu na kwamba wamemwacha mikononi mwa shule. Mwandishi wa taarifa alieleza kuwa maneno hayo yana uzito mkubwa, kwa sababu mzazi ndiye amjuaye mtoto kuliko wote, na kwa sababu yalitolewa kwa Kiswidi kilicho wazi. Kiswidi hicho kilikuwa changu. Nilitambua hata mahali nilipoweka nukta.

Nilikwenda Märsta jioni ileile. Nilimweleza mdogo wangu kila kitu, na kwamba ridhaa ya mzazi huweza kuondolewa. Nilikuwa nimekwisha kupiga simu na kuuliza, safari hii nikiuliza la kwanza lililopaswa kuulizwa. Nilidhani atasimama pale pale. Alibaki kwenye kiti.

"Yaya, unataka niende niseme nilidanganya?"

"Hukudanganya. Ulisema kwa adabu."

"Karatasi haijui adabu. Karatasi iko na saini yangu." Alipunguza sauti na kufunga mlango wa jikoni. "Nikisema anapika, anaogesha wadogo, anakwenda dukani, wataniuliza: kwa nini mtoto anafanya kazi zote hizo? Baba alikuwa wapi? Nikisema hafanyi, basi abaki pale. Unaona? Kila upande kuna shimo. Yule wa Norsborg alianza hivihivi, kwa barua. Baadaye wakaja watu wa ustawi wa jamii, wawili, wanawake wapole. Leo watoto wake anawaona Jumapili tu, na kuna mtu anakaa pembeni anawaangalia."

Sikumfahamu mtu huyo wa Norsborg, na sijui kama habari zake zilikuwa kweli. Lakini zilikuwa zimeketi nasi mezani kama mgeni ambaye hakuna wa kumwambia aondoke. Nilitaka kumwambia hofu yake haina msingi. Nikakumbuka kwamba ni mimi niliyemwambia ni kama kurudia mwaka, nikachukua koti langu.

Mdogo wangu alianza kutopokea simu zangu. Wiki zikapita, kila moja ikiwa na hisabati na fizikia ambazo wenzake binti walizisoma naye hakuzisoma. Jambo lililonitia hofu zaidi ni kwamba binti alitulia. Alipokuja kwangu hakulalamika tena. Alijibu polepole, na kabla ya kufanya jambo lolote, hata kuwasha jiko, alinitazama kwanza, akingoja aonyeshwe.

Mwishoni mwa Machi mdogo wangu alinipigia yeye mwenyewe. Kulikuwa na barua nyingine, naye hakutaka kunisubiri hadi Jumapili; akaishika mbele ya kamera ya simu, nikaisoma hapo hapo. Ilikuwa barua ya furaha. Mwalimu wa shule mpya aliandika kwamba anataka kushirikiana na familia katika habari njema: binti amepiga hatua kubwa, na sasa anaweza, akisimamiwa, kupika uji.

"Rudia," mdogo wangu akasema.

Nikarudia.

"Uji."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Akisimamiwa."

"Ndiyo."

Alicheka kicheko kifupi. Halafu kioo cha simu kikaonyesha dari tu, maana alikuwa ameiweka mezani. "Yaya," akasema kutoka mahali nisipopaona, "tangu mama yake afe, ni nani ametulisha?"

Tulikwenda shuleni siku nne baadaye. Chumba kilikuwa kilekile, na mkuu wa shule yuleyule. Mkalimani safari hii alikuwa mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura. Mdogo wangu alikataa kuketi. Alisimama karibu na mlango akiwa amevaa suti ya kanisani, kofia ya baridi mkononi, na nilipomwona hivyo nilimwona baba yetu mbele ya masista. Ila maneno aliyokuja nayo yalikuwa kinyume, na hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuyasema mbele ya mwalimu.

"Binti yangu anajua kupika," alisema. Akasubiri simu itafsiri. "Anapika bugali, sombe, maharagwe, samaki. Anapika kila siku. Anapanda treni mbili mpaka Rågsved, hajapotea. Wadogo zake anawaogesha, anawasomea vitabu vya Kiswidi mimi nisivyoweza kusoma. Barua za nyumba, za umeme, ananielezea yeye. Alirekebisha mashine ya kufulia kwa kuangalia video." Akaigeuza kofia mkononi. "Ana akili. Ana akili kunishinda mimi. Niliandika hajui kitu kwa sababu kwetu ndiyo heshima. Naomba nimtoe kule."

Nilimfahamu vya kutosha kujua alichokiogopa wakati ule. Hakuogopa ustawi wa jamii peke yake. Alikuwa amemvua mtoto nguo mbele ya watu, kwa jinsi alivyoona yeye. Alikuwa amemtaja wazi, na lolote likimpata baada ya hapo angejua nani aliyelialika.

Mkuu wa shule aliandika. Aliandika yote, ukurasa mmoja na nusu, bila kumkatiza, nami niliitazama kalamu ile kama mtu anavyomtazama nyoka katika nyasi, nikijiuliza ni sentensi gani kati ya hizo itakayorudi kwetu ndani ya alama za kunukuu. Aliuliza swali moja: usiku baba anapokuwa kazini, watoto hubaki na nani? Mdogo wangu akasema ukweli, kwamba hafanyi kazi usiku. Hilo nalo likaandikwa.

Kisha akasema kwamba ridhaa imeondolewa, na binti atarudi darasa lake la nane baada ya Pasaka. Uchunguzi mwingine utaweza kufanywa, kwa lugha yake, familia ikitaka. Alitushukuru kwa uwazi wetu. Alipofika mlangoni aliongeza, kwa wema ule ule ambao sasa ulinipa baridi, kwamba tufahamu jambo moja: muhula umepotea. Mwaka wa tisa ukiisha, alama za hisabati, Kiswidi na Kiingereza zisipotosha, mlango wa ufundi wa ndege utakuwa umefungwa vilevile, na safari hiyo hapatakuwa na karatasi ya baba ya kuondoa.

Hakuna aliyekuja kutoka ustawi wa jamii. Mdogo wangu bado husimama dirishani kila gari jeupe linapoingia uani. Barua za shule hafungui yeye wala mimi. Anazipokea binti, anazisoma kimya, na tunaambiwa anachoona kinafaa kutuambia. Kadi zangu nimezirudisha sandukuni. Ile ya klas haijakamilika, na sitaki kusema uongo kwamba nimeipoteza.

Sasa ni mwaka wa tisa. Kila Jumamosi binti huja Rågsved saa nne asubuhi, huketi penye meza ya dirishani, na hutoa mkobani mtihani wa hisabati wa miaka iliyopita. Mara ya kwanza nilivuta kiti karibu naye, nikafungua mdomo.

"Hapana, shangazi," alisema. "Usinifundishe. Usinitafsirie. Nishikie saa tu."

Nikaiweka simu mbele yangu. Dakika arobaini. Alianza kuandika kabla sijaondoa kidole. Hakubahatisha, ni tabia ambayo bado haijamtoka. Alipokwama kwenye swali alilikodolea macho, akakaa nalo, akakaa nalo, wakati ukurasa uliofuata ulikuwa ukimsubiri. Nilitaka kumwambia aliruke. Niliitazama saa. Saa ilipolia alikuwa amebakiza maswali matatu.

"Muda umekwisha," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kuandika.